Rangi ya Silasi

Ukitaka kumcheka Adriano, mcheke sasa hivi, huku mwanzoni. Mbele huko nafasi haitakuwepo.

Adriano alikuwa dizaina pale Gongoni, mjini Tabora. Shule aliiachia kidato cha pili, na ukimuuliza sababu alikuambia walimu walikuwa wameishiwa vya kumfundisha. Kadi za harusi, mabango ya vikoba, fulana za kwaya, zile picha kubwa za marehemu zinazotangulia mbele ya jeneza, vyote vilipita mikononi mwake. Kibanda chake kilikuwa na upana wa kitanda cha mtu mmoja, lakini juu ya mlango aliandika kwa herufi nyekundu kwamba humu ndimo rangi zinamozaliwa. Pembeni ya maandishi akabandika uso wake mwenyewe, mkubwa kama sinia, anacheka. Uso mzuri, usimnyime haki yake. Alikuwa na ile rangi ya asali ya miombo, nyekundu iliyokolea ndani ya kahawia, na alijua kwamba anayo. Alisema uso ule ndio kitambulisho chake, hata mbwa wa Gongoni hawaubwekei.

Shida ni kwamba rangi zilizozaliwa kibandani humo zilizaliwa na kasoro.

Monita yake ilikuwa kuukuu, imetoka kwenye ofisi iliyokuwa inatupa vitu. Ukiitazama kutoka kulia, mtu ni wa kahawia. Ukihamia kushoto, mtu huyohuyo wa bluu. Adriano alifanya kazi kapinda shingo kama kuku anayesikiliza mwewe. Alichokiona kwenye kioo sicho kilichotoka kwenye mashine ya kuprinti, na bibi harusi mmoja alitoka kijani kama mgomba siku moja kabla ya ndoa yake. Kaka zake walikuja kibandani wanne. Adriano alitorokea dirishani.

Tangu hapo akaanza kusaka monita. Alisoma kwenye simu mpaka akawa mhubiri wa mambo hayo. Alimweleza kila aliyekaa kwenye benchi lake kwamba paneli iwe ya IPS, ili rangi isigeuke ukiinamisha kichwa. Kwamba ifikie sRGB yote, kile kipimo cha rangi za kioo, asilimia mia au jirani na hapo. Kwamba zile za wacheza magemu zinawakawaka kama disko la mnadani, hazimfai mtu wa kuprinti. Na kwamba kioo kiwe cha kufifia, kisichoakisi, maana dizaina anataka kuona kazi, hataki kujiona yeye. Hapo mafundi simu wote walicheka, kwa sababu hakuna mtu Tabora nzima aliyependa kujiona kumzidi Adriano.

Bei za mpya zilimfanya aizime simu akanywe maji. Hadi ilipoingia ile picha kwenye kundi la kuuza na kununua. Monita ya dizaina, inchi ishirini na nne, IPS, rangi halisi, mwenyewe hayupo tena. Bei yake ilikuwa kama ya redio. Alipopiga akapokea mwanamke mzee, anaongea polepole kama mtu anayesoma. Akamwelekeza nyumba ya tembe, nje ya mji, kwenye njia ile ya zamani ya misafara kuelekea Kwihara. Aje jioni, kabla giza halijakaza.

Akaongeza jambo moja.

"Uje na picha yako ya kujaribia."

Mtu mwenye akili angejiuliza bibi kizee kajuaje. Adriano alifurahi tu kwamba amepata muuzaji anayejua kazi. Maana ndivyo wanavyojaribu monita watu wa fani yake: unakuja na picha ambayo rangi yake huibahatishi. Na Adriano siku zote alijaribu kwa picha yake mwenyewe. Picha ya mtu mwingine utaikumbuka vibaya, alisema, lakini ya kwako unaweka mkono wako hapo kando ya kioo, unalinganisha, kwisha habari.

Festo, fundi simu wa kibanda cha pili, ndiye aliyemwazima pikipiki. Alimpa ufunguo, kisha akamwambia kwa sauti ya chini kwamba watu wa njia ile hawapewi hata jina lako, sembuse uso.

Adriano akapiga kiki.

"Wachawi wakiniona mimi," alisema, "wanaomba niwatengenezee bango."

Jua lilikuwa limeegemea miti alipoiacha lami. Njia ile ni pana kuliko inavyohitajika, kwa sababu ilikanyagwa na maelfu kabla ya magari. Wapagazi walipita humo na pembe na makanda ya chumvi, wakienda Ujiji au wakirudi pwani, na aliyeanguka aliachwa alipoangukia. Watoto wa Tabora wanayajua hayo kama wanavyojua njia ya kwenda bombani. Adriano akaongeza muziki kwenye simu. Kilomita mbili mbele simu ikanyamaza yenyewe, mtandao ukakata, akabaki na mlio wa pikipiki.

Na harufu.

Asali. Asali na nta, na moshi ule wa wavuna mizinga... Ilimpokea kabla hajaiona nyumba.

Tembe lenyewe lilikuwa refu, la udongo, la paa bapa, kuta nene kama urefu wa mkono. Kando yake ilirundikwa mizinga ya magogo, mikavu, haina nyuki. Bibi alikuwa amekwishasimama mlangoni. Alijitaja kuwa Bibi Yustina. Adriano akamwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba, lakini hakumtazama usoni. Alitazama mkono ulioshika kofia ya pikipiki. Aliutazama kwa muda, akaridhika kama mtu aliyekagua nyama buchani.

Pikipiki akaiacha na ufunguo wake palepale. Nani aibe huku.

Bibi alimkalisha kwenye kigoda na kumuuliza habari za kwao, kwa upole tu, kama wazee wanavyouliza. Ana mama? Anaye, mama Levina, wanaishi wawili tu nyuma ya soko. Anamngojea jioni? Hapo mdomo wa Adriano ukafunguka wenyewe. Alieleza kwamba mama yake halali bila kumuona, kwamba leo anampikia ugali na uyoga wa karanga, kwamba vijana wa mtaani wanaiga sauti yake kumtania mama mlangoni lakini hawampati, kwa kuwa yeye ana mbisho wake, namna yake ya kugonga mlango. Akauonyesha kwenye mguu wa meza. Viwili vya kidole, kimoja cha kiganja.

Ko. Ko... pa.

"Akisikia hivyo anafungua, ananiona, anasema, karibu mwanawane."

Bibi Yustina akatikisa kichwa taratibu. Akaurudia mbisho kwenye goti lake, bila sauti.

Chumba cha monita kilikuwa cha ndani kabisa. Hakina dirisha. Taa moja, meza, kompyuta, na monita yenyewe imefunikwa kitambaa cheupe. Adriano alikifunua, akawasha, akasahau kila kitu.

Alifungua ukurasa mweupe mtupu: mweupe mpaka pembeni, hauna doa. Akafungua ngazi ya kijivu, kutoka nyeusi hadi nyeupe: kila hatua ikaonekana, hakuna iliyoegemea kijani wala zambarau. Akatazama kutoka kulia, akatazama kutoka kushoto, akapiga magoti akatazama kutoka chini. Rangi ilisimama palepale kama askari. Akachomeka flashi yake, akafungua picha yake.

Akaweka mkono kando ya kioo.

Hakukuwa na tofauti. Hata ile nyekundu nyembamba chini ya ngozi, ambayo mashine zote huiua, ilikuwepo. Ilikuwa kana kwamba ukutani pametobolewa, na yeye mwenyewe ameketi upande wa pili, anacheka.

"Naichukua," alisema, akaingiza mkono mfukoni.

Bibi alimwambia hela hazina haraka. Kuna kazi ndogo kwanza. Akanyoosha kidole kwenye picha moja pembezoni mwa kioo, akamwomba aifungue.

Adriano akaifungua. Tabasamu likamshuka.

Ilikuwa kazi yake. Aliitambua kwa lile pambo la maua pembeni na yale maandishi ya pumzika kwa amani aliyokuwa akiyatumia kwa marehemu wote. Kijana wa umri wake, jina lake Silasi. Aliitengeneza mwaka uliopita kwa haraka, kwa ile monita ya ofisini, watu wa msiba wamesimama mlangoni. Siku ile aliiona iko sawa. Leo, kwenye kioo kisichodanganya, aliona alichowapa.

Kijana alikuwa wa majivu. Si mweusi, si mweupe. Majivu ya jikoni, yenye ukijani mashavuni.

Bibi Yustina alieleza akiwa amesimama nyuma yake. Silasi alikuwa mwanawe wa pekee. Naye alikuwa dizaina, ndiyo maana ya monita, na msimu wa asali alikwenda porini upande wa Usinge kuvuna mizinga ya baba yake. Nyuki walimshukia huko. Kilichorudi nyumbani hakikuwa na sura, jeneza halikufunguliwa. Na ukoo wao una desturi yake. Kabla maiti haijavuka kizingiti, uso wake unaonyeshwa waliotangulia. Wanaitwa mmoja mmoja kwa majina, wanaambiwa, mtoto wenu anakuja, mtazameni, mpokeeni. Uso haukuwepo. Kwa hiyo iliinuliwa picha.

"Wakatazama kazi yako," bibi alinong'ona. "Wakasema huyu si wetu."

Adriano akasogeza kiti nyuma.

"Wakamrudisha."

Alijaribu kucheka. Kicheko kikatoka na hewa tu. Alitaka kusema kwamba rangi ni mambo ya mashine, kwamba alimweleza yule shemeji wa marehemu aliyekuja kuchukua picha... lakini harufu ya nta ilikuwa imejaa chumbani, nzito, inakaa kooni.

Bibi akaweka glasi ya asali mezani, kando ya mkono wake.

"Rangi yake ilikuwa hii."

Asali na mkono vilikaa pamoja chini ya taa. Ungedhani kimoja kimemiminwa kutoka kwenye kingine.

Kijana anayejisifu mpe nafasi ya kuonyesha ufundi, atasahau hata kuogopa. Adriano akasema hiyo ni kazi ya dakika chache. Tena akaeleza, hakuulizwa. Kwenye programu ya picha kuna kidude kama bomba la dawa ya macho. Unakigusisha kwenye ngozi nzuri, kinanyonya rangi, unakwenda kuimimina kwenye ngozi mbovu. Ngozi nzuri ipo hapa, ya kwake, rangi ni ileile. Atanyonya kwake amwekee Silasi.

"Umesema mwenyewe," bibi alisema.

Akatoka. Mlango ukafungwa. Nje yake, kitu kizito cha mti kikashuka mahali pake.

Gu.

Adriano aliita. Aliita kwa heshima kwanza, bibi, bibi yangu, mbona umefunga. Sauti ikamjia kupitia mbao, ya chini, haina hasira.

"Maliza kwanza."

Alisukuma mlango kwa bega. Ulikuwa mlango wa zamani, wa mninga, ulitengenezwa kuzuia watu wenye bunduki. Simu haikuwa na hata kijiti kimoja cha mtandao. Kuta zilimeza sauti yake kabla haijamaliza kutoka. Basi akarudi kwenye kiti. Akajiambia ni bibi mwenye majonzi, ampe anachotaka, atoke, na monita iko mkononi kwa bei ya redio.

Akaziweka picha mbili sambamba. Akagusa paji la uso wake, akanyonya. Akamimina kwenye paji la Silasi.

Ilikaa vizuri mno. Paji likapata joto.

Hapo ndipo mvumo ulipoanza. Mdogo, wa mbali, kama nyuki wakiwa bado ndani ya gogo... Alidhani ni feni ya kompyuta. Akanyonya shavu, akamimina shavu. Alipotazama tena picha yake mwenyewe, akaona ana doa.

Paji lake lilikuwa la majivu. Na shavu moja.

Akabonyeza kurudisha nyuma. Haikurudi. Akabonyeza tena na tena. Akaifunga picha bila kuihifadhi, akaitoa flashi, akaichomeka upya, akaifungua. Paji la majivu. Akacheka peke yake, akasema kompyuta ina wazimu, akaweka mkono wake kando ya kioo kuhakikisha.

Ncha za vidole zilikuwa zimebadilika.

Alivisugua kwenye suruali. Akavisugua tena. Majivu hayakutoka, kwa sababu hayakuwa juu ya ngozi.

Sasa alielewa kwamba amefungiwa, si chumbani tu. Aliusukuma mlango kwa bega, kwa mguu, kwa kiti. Alitafuta tundu kwenye paa, akapata udongo uliomjaa machoni. Alimwita Festo. Alimwita mama yake. Nje hapakuwa na jibu, ila kila alipokaa mbali na meza mvumo ulipanda, ukaingia kwenye meno, na harufu ya moshi ikazidi mpaka akakohoa. Aliporudi kitini, ukashuka.

Akajaribu ujanja, maana ujanja ndio uliomlisha tangu aache shule. Akaachana na picha yake. Akachanganya rangi mwenyewe, kwa kubahatisha, nyekundu kidogo, njano kidogo, akaitia weusi mpaka ikafanana na asali iliyo kwenye glasi. Akapaka shavu la pili la Silasi. Hata wewe ungeapa ni ileile.

Nyuma ya mlango mnene, mahali ambapo hakuna jicho ambalo lingeweza kuona kioo, bibi akanong'ona.

"Siyo hiyo."

Adriano aliondoa mkono kwenye mausi.  Alimwomba bibi kwa machozi, na haya ni machozi ya mtu aliyekuwa akiwaambia watu hajawahi kulia tangu kubatizwa. Alisema atatengeneza bango jipya bure, atalipeleka makaburini kwa mikono yake, atawaita jamaa wote. Akauliza Silasi anataka nini hasa, kama hao wa huko hawakumpokea.

Bibi aliegemea mlango, mbao zikalia.

"Anataka kupokelewa," alisema. "Mlango wowote utakaofunguka."

Na Adriano akamaliza. Usimlaumu. Chumba hakina dirisha, mlango una gogo, na kila pumzi ina moshi. Alinyonya shavu lililobaki, pua, kidevu, masikio, ile nyekundu nyembamba chini ya ngozi, akamimina yote ng'ambo, na sura yake nayo ikaifuata rangi. Alifanya kazi nzuri. Hiyo ndiyo ajabu yake. Hakuwahi kutengeneza uso kama ule maishani mwake. Silasi alipona mbele ya macho yake, akawa mtu wa kukutana naye sokoni, midomo imeachana kidogo kama anayetaka kusema kitu cha kujisifu.

Na upande wa pili, anacheka, mtu wa majivu.

Mvumo ukakata.

Ukimya.

Kisha kutoka mbali, kwenye mlango mkubwa wa tembe, mtu akabisha. Akabisha vibaya, viwili vya kiganja na kimoja cha kidole. Akaacha. Kama anayefikiri. Akaanza upya.

Ko.

Ko...

Pa.

Akaurudia mara nyingine, sasa bila kukosea. Hatua zikatembea uani, nyepesi, za kijana. Pikipiki ya Festo ikapigwa kiki, ikawaka, ikaondoka kuelekea mjini.

Gogo liliinuliwa. Bibi Yustina alisimama na kibatari, na kwa mara ya kwanza jioni ile akamtazama Adriano usoni. Akayashusha macho upesi.

"Nani kaondoka na pikipiki?"

"Mwenye rangi."

"Anakwenda wapi?"

Bibi alimpa kile kitambaa cheupe ili afunikie monita. Alisema hela abaki nazo, amekwisha kulipa. Kisha akaongea kwa sauti ndogo kama anayejitetea mbele ya mtu asiyeonekana.

"Amenibishia mwaka mzima. Mimi nilimzika. Siwezi kumfungulia niliyemzika." Akavuta pumzi. "Pole, baba."

Cheka kama bado unaweza, kwa maana monita aliichukua. Aliikumbatia kifuani akatembea njia yote ile ya wapagazi kwa miguu, mzigo mikononi, akianguka na kuinuka, haitupi. Labda ilikuwa kitu pekee kilichomthibitishia kwamba ametoka kununua monita, na kwamba jioni hii ni jioni kama nyingine. Mwezi ulikuwa umetoka. Alitaka kuuona uso wake. Akakivua kioo kitambaa, akakiinamia.

Hakikuonyesha kitu. Kilikuwa cha kufifia. Kisichoakisi, kama alivyochagua mwenyewe.

Alipofika penye mtandao akatoa simu. Simu yake hufunguka kwa uso. Akaiinua, ikatikisika kidogo, ikakataa. Akaifuta vumbi, ikakataa. Akaandika namba za siri kwa vidole ambavyo hakutaka kuvitazama, akampigia Festo, akamwambia pikipiki imechukuliwa.

Festo akacheka.

"Acha utani wako. Si umenipita muda si mrefu hapa kona, umenipigia na honi? Nimekuita, umenipungia mkono." Akashusha sauti. "Ila umenuka asali, ndugu yangu."

Adriano akakimbia.

Alikimbia na monita kifuani. Mbwa wa Gongoni wakaamka mmoja mmoja, wakambwekea mtaa hadi mtaa, wengine wakamfuata kwenye visigino. Alipofika nyuma ya soko aliiona pikipiki ya Festo imeegemezwa ukutani kwao, pale anapoiegemezaga yeye. Aligusa injini. Bado ina uvuguvugu.

Ndani kulikuwa na taa na harufu ya uyoga wa karanga. Na chini ya harufu ya uyoga, nyingine...

Alibisha. Viwili vya kidole, kimoja cha kiganja.

Mama Levina alifungua mlango nusu. Alimtazama kuanzia miguuni, akapanda mpaka usoni, akarudi nyuma hatua moja kwa adabu, kama unavyorudi mbele ya mgonjwa usiyemjua.

"Mama, ni mimi."

Macho ya mama yalimhurumia. Alisema sauti ameiiga vizuri kuliko wenzake wote, lakini usiku umeingia, na utani wa namna hii si mzuri kwa mtu anayeonekana anaumwa. Aende hospitali. Kama ana mzigo wa Adriano, auache hapo kizingitini.

"Mwanangu yuko ndani anakula," alisema. "Nikuitie?"

Adriano alifungua kinywa aseme jina lake. 

Kutoka jikoni kiti kilisogezwa. Mtu akasafisha koo. Kisha ikaja sauti, bado ngeni kidogo, inajaribiwa kama kiatu kipya, lakini tayari ina kile kicheko cha mtu anayejua kwamba anapendwa.

"Ni nani huyo, mama?"

Mama Levina aligeuza kichwa, na uso wake ukang'aa kwa furaha.

"Hakuna mtu, mwanawane," alisema. "Kula."

Akaufunga mlango.